Kura ya Mama Jonas

Rågsved, Jumapili 16 Januari 2011

Kaka yangu Mashauri,

Shikamoo. Kwanza pole na sikio. Wifi Josephine alinipigia wakati wa Krismasi akanieleza kwamba la kushoto nalo limeanza kumfuata mwenzake, na kwamba simu siku hizi unaipokea kwa heshima tu, unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata mtu akikuuliza jina lako. Basi turudi kwenye karatasi, kama enzi zile nilipokuwa mwanafunzi huku, nawe ukinirudishia barua zangu umezisahihisha kwa wino mwekundu. Safari hii usisahihishe.

Huku tu wazima. Theluji imefika kwenye madirisha ya ghorofa ya chini, nami nashukuru Mungu naishi ya tatu. Bado niko kwenye nyumba ya wazee Farsta. Wawili wametutoka tangu Novemba, na mmoja wa miaka tisini na mbili ameniposa. Nimemwambia nitafikiria. Jonas hajambo. Goti limepona kiasi cha kupanda ngazi, si kiasi cha kucheza. Mpwa wako sasa ana miaka thelathini na mitatu, fundi umeme, anaishi peke yake Skärholmen, na kila Jumapili anakuja kula kwangu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nami nikikasirika nakasirika kwa Kihaya, kwa hiyo nyumba ya watu wawili ina lugha tatu.

Sasa jambo lenyewe. Usicheke.

Unajua Jonas alikuwa mchezaji wa raga. Usichojua ni kwamba mimi dada yako, mwanakwaya, ni shabiki wa raga. Kuna raga mbili, ya watu kumi na watano na ya watu kumi na watatu, na wa huku na wa kule hutazamana kama Wakatoliki na Walutheri wa utoto wetu. Yetu ni ya kumi na watatu. Ukiwa na mpira unakimbia mpaka wakuangushe. Mkishaangushwa mara sita, mnawaachia wenzenu mpira. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, na yamenichukua miaka tisa. Siku ya kwanza nilikwenda kumtazama mwanangu nikaona wanaume watatu wamemlalia. Niliingia uwanjani na mwavuli. Refa alinitoa kwa adabu, mashabiki wakanipigia makofi na kunipa kahawa, na toka siku ile sijaondoka.

Klabu yetu inaitwa Magelungen, kwa jina la ziwa lililo karibu na uwanja. Kocha wetu anahamia Göteborg kumfuata mkewe, na kamati imesema sisi wanachama ndio tutakaopiga kura kumpata mwingine, kwenye mkutano mkuu wa Machi. Tangu hapo hakuna amani. Mwenyekiti wa mashabiki ni Fidèle, Mrundi, dereva wa basi. Yeye anamtaka Jonas, kwa kuwa alikuwa nahodha na ni mtoto wa nyumbani. Achola, dada mmoja Mkenya mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anamtaka Craig, Mwingereza aliyekuja huku kufunga lifti za majengo na aliyeucheza mchezo huu tangu utotoni. Wanabishana mpaka kwenye treni.

"Craig ako na makaratasi yote," anasema Achola.

"Makaratasi hayakimbiake," anajibu Fidèle.

Kisha wananigeukia mimi, mtu mzima wao. Nami badala ya kusema sijui, nakunja uso na kusema, "Ngojeni tuone." Wanaondoka wakidhani nina hekima.

Wewe ulikuwa mwenyekiti wa timu ya mpira ya walimu hapo Bukoba. Kocha huchaguliwaje? Nijibu kabla ya Machi, maana wameniomba niseme neno mkutanoni, na uso wa kukunja hautatosha.

Msalimu wifi na wote waliobaki Kashai.

Dada yako,
Dativa


Bukoba, 11 Februari 2011

Mdogo wangu Dativa,

Marahaba. Barua yako imekuja kwa siku kumi na tisa. Sikuisahihisha kwa wino mwekundu kwa sababu umekauka. Kwa penseli nimepata makosa manne.

Sisi tunaendelea, kwa mwendo wa umri wetu. Wifi yako hajambo, kuku wake wanataga ovyo kila mahali isipokuwa kwenye banda. Juzi aliniambia "paa linavuja", mimi nikasikia "baba anakuja". Nikavaa shati safi, nikakaa sebuleni saa nzima nikimngoja padri, huku maji yananidondokea begani.

Kuhusu kocha. Mwaka 1994 tulipata waombaji watatu. Tukamchagua mmoja kwa sababu alikuja na filimbi yake mwenyewe. Tulifungwa mechi tisa. Filimbi ilikuwa nzuri sana.

Kwa hiyo nisikilize mimi niliyeumia. Siku ya ushindi hata mbuzi anaweza kuwa kocha. Kocha hupimwa siku ya kufungwa. Wewe mtazame kila mmoja wao siku aliyofungwa: alisema nini, na alimwambia nani. Hapo utapata jibu lako.

Nimeona umejaza kurasa mbili kwa Fidèle na Achola, lakini hukuandika wewe mwenyewe unamtaka nani. Nadhani ni kwa sababu swali halipo. Jonas ni mwanao.

Huyo mchumba wa miaka tisini na mbili usimkatae haraka. Huenda ana nyumba.

Kaka yako,
Mashauri


Rågsved, 27 Machi 2011

Kaka Mashauri,

Shikamoo. Natumaini paa limezibwa, na kama padri alikuja kweli natumaini alikukuta na shati kavu. Mchumba wangu amehamishiwa ghorofa nyingine na amemposa muuguzi wa huko. Wanaume ni wale wale.

Mkutano ulifanyika tarehe 12, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chakula wa shule moja Farsta. Unajua Waswidi hawaanzi mkutano bila kuchagua mwenyekiti wa mkutano, katibu wa mkutano, na watu wawili wa kuthibitisha kwamba katibu hakudanganya. Mpaka tunamaliza kuchaguana, birika la kwanza la kahawa lilikuwa limekauka. Mikate ya mdalasini ilikuwa mizuri, laini, ya kuokwa asubuhi ile ile. Achola alizungumza dakika kumi na mbili na kuchora mishale ubaoni. Fidèle alianza kwa Kiswidi, akapita kwenye Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili. Nusu ya ukumbi hawakumwelewa lakini walipiga makofi, maana alionekana mtu anayeteseka. Mimi pia nilisema maneno machache.

Amechaguliwa Craig. Jonas hakupata. Ndiyo hivyo, kila mtu na mawazo yake.

Jonas hajambo. Jumapili hizi mbili hakuja kula. Ana kazi nyingi, wanabadilisha nyaya za jengo zima. Chakula chake nimemwekea kwenye friza. Friza imejaa.

Theluji inayeyuka. Jua sasa linachelewa kuzama. Jana niliona ndege wawili weusi kwenye waya wa mbele ya dirisha langu, sijui jina lao. Leo wamekuwa watatu.

Dada yako,
Dativa


Bukoba, 22 Aprili 2011

Mdogo wangu Dativa,

Marahaba. Leo ni Ijumaa Kuu, wifi yako ananifungisha kwa nguvu, kwa hiyo ukiona maneno makali ujue ni njaa. Kuku wawili wamekufa kwa ugonjwa. Waliobaki wanaishi kwa wasiwasi kama sisi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ina aya nzima ya mikate na nyingine ya ndege. Nimefundisha miaka thelathini na minne, Dativa. Mwanafunzi anayeeleza kwa kirefu hali ya hewa ni mwanafunzi ambaye hakusoma kitabu alichoulizwa.

Unasema ulitoa "maneno machache". Yapi? Unasema "Jonas hakupata", kana kwamba kura ni mvua, hunyesha yenyewe. Kura yako wewe ilikwenda wapi? Na Fidèle alikujibu nini ulipomtaja mwanawe Arnaud mbele ya watu wote?

Andika upesi. Pasaka njema.

Kaka yako,
Mashauri


Bukoba, 19 Juni 2011

Mdogo wangu,

Wiki nane sasa. Nimekwenda posta mara nne. Yule binti wa dirishani akiniona tu mlangoni anatikisa kichwa kwa mbali, ili nisipate taabu ya kumsikiliza.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Ni sentensi moja tu.

Mashauri


Rågsved, 3 Julai 2011

Kaka,

Shikamoo. Nimekasirika. Hiyo ndiyo sentensi yako. Hizi zinazofuata ni za ziada.

Sikukuandikia hata neno moja kuhusu Arnaud. Rasimu za barua zangu ninazo, maana mpaka leo siandiki moja kwa moja kwa kuogopa wino wako, na nimezipitia zote: jina hilo halimo. Basi kuna mtu aliyekuambia, na watu wanaokujua wewe na waliokuwa ukumbini siku ile hawazidi mmoja. Sitakuuliza. Nitakueleza mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kuieleza friza.

Arnaud ni mtoto wa Fidèle, alikuwa na miaka kumi na tisa tu. Agosti ya mwaka jana kocha aliugua, Jonas akaishika timu kwa siku moja, tunacheza na watu wa Uppsala. Tulipigwa vibaya. Arnaud aliangusha mpira mara mbili pale ambapo hata mimi nisingeuangusha. Mechi ilipokwisha, Jonas alimkabili mbele ya watu wote akamwambia maneno ambayo siyaandiki kwenye karatasi hii. Mtoto wa watu akavua jezi, akaiacha kwenye nyasi, akatembea kifua wazi mpaka kwenye basi. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo. Nilijifanya nafunga zipu ya koti.

Basi ulipoandika kwamba nimtazame kila mmoja siku aliyofungwa, sikuhitaji kutafuta. Siku hiyo nilikuwa nayo tayari. Nikasema moyoni, haki ni haki.

Mkutanoni nikasimama. Nikasema: "Jonas ni mwanangu, nampenda kuliko mtu yeyote humu. Lakini timu hii inahitaji kocha wa siku ya kufungwa, na Jonas bado. Kumbukeni Uppsala. Mkumbukeni Arnaud."

Hata waliokuwa wanatafuna wakaacha. Fidèle akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Ma Dativa," akasema kwa Kiswahili chake, "Arnaud ni wangu. Mie baba yake nilishasamehe. Weye mama ya Jonas, bado?"

Nikakaa.

Kura zilipigwa kwa mikono. Wanaomtaka Craig wanyooshe. Nikanyoosha. Jonas alikuwa meza ya mbele, akageuka kuhesabu kama mgombea yeyote, macho yake yakapita mkono mmoja mmoja mpaka yakafika kwangu. Hayakukaa. Yalihesabu, yakaendelea. Kumi na nne kwa kumi na mbili.

Tulipotoka alinishikia koti nivae, kama kawaida yake. "Tack, mamma," akasema. Asante, mama. Basi. Toka siku ile hajakanyaga kwangu. Simu hapokei, baada ya saa mbili tatu unakuja ujumbe: niko kazini. Klabuni hafiki kabisa. Nyaya za jengo gani hizo zisizokwisha miezi minne?

Nilijiambia kwa wiki nyingi kwamba nilisimamia haki. Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Pale nilipomaliza kusema, kabla Fidèle hajainuka, nilijisikia vizuri. Nilifikiri: leo watasema, tazameni mama yule, hata mwanawe wa kumzaa hakumpendelea. Niliivaa haki yangu kama kofia mpya kanisani, nikageuza shingo kidogo ili na wa viti vya nyuma waione.

Na kibaya kuliko vyote, Craig ni kocha mzuri. Tumeshinda mechi tatu kati ya nne. Kila tukishinda Achola ananikumbatia mpaka mbavu zinalia, "Mama, ulisema ukweli!" Nami narudi nyumbani kama niliyefungwa.

Dada yako,
Dativa


Bukoba, 30 Julai 2011

Mdogo wangu Dativa,

Marahaba. Umeandika vizuri. Sikugusa penseli.

Ni Jonas, kama ulivyojua. Barua yake ilifika mwanzoni mwa Aprili, kabla ya yako. Aliniomba nisikuambie. Niliapa mbele ya wifi yako, Biblia ikiwa mezani, kisha nikashindwa kufikisha siri hiyo hata mwisho wa barua moja. Ndivyo nilivyo: sisikii, lakini habari nazisambaza.

Na kuna hili ambalo sikutaka kuliandika. Ushauri ule ulikuwa wangu. "Mtazame siku aliyofungwa." Niliuandika ili nionekane mjuzi. Dativa, katika uenyekiti wangu wote sijawahi kumtazama mtu yeyote siku aliyofungwa. Tukifungwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka uwanjani, kwa mlango wa nyuma, nisije nikaulizwa kuhusu filimbi. Nilipoisoma barua ya Jonas niliona sentensi yangu imepanda ndege, imefika Ulaya, imempiga mtoto wa dada yangu. Nikaona haya. Ndiyo maana nilikuwa nakuhoji wewe kama hakimu badala ya kukiri kama mshtakiwa.

Kiapo nimeshakivunja, basi nikivunje vizuri. Nainakili hapa neno kwa neno. Sikusahihisha.

"Shikamoo Mjomba. Mimi ni Jonas mtoto ya Dativa. Mimi ninaandika na kamusi, samahani makosa. Mama aliinua mkono yake kwa Craig. Craig ni kocha mzuri, mimi ninajua. Mama alisema Arnaud. Hiyo ni kweli, mimi nilifanya mbaya. Mimi sina hasira kwa mkono. Lakini Jumapili mbele ya mkutano mimi nilikula kwa mama. Yeye alinipa ndizi mara mbili. Yeye aliuliza kazi, aliuliza goti, aliuliza kama nina rafiki msichana. Yeye alijua tayari na hakusema. Mimi nina hasira kwa ndizi. Mjomba, wewe ni kaka yake. Yeye ni hivyo tangu zamani? Usimwambia."

Nilikaa na kalamu siku tatu kabla ya kumjibu. Nikamwandikia: ndiyo, ni hivyo tangu zamani, na sisi wote kwetu ni hivyo, baba yetu aliuza shamba la Muleba tukajua siku tulipokuta mtu mwingine analima.

Mtu anayekasirikia ndizi hajakata tamaa na wewe. Nenda kwake. Usipige simu kwanza. Na kwa jina la Mungu, usibebe chakula.

Kaka yako,
Mashauri


Rågsved, Jumapili 25 Septemba 2011

Kaka yangu Mashauri,

Shikamoo. Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka kwanza nione kama itadumu.

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 20 Agosti. Nikabadilisha treni Slussen, na njia nzima mikono yangu haikujua pa kukaa, kwa kuwa tangu Jonas ahame kwangu sijawahi kumwendea bila mfuko. Pale sokoni Skärholmen walikuwa wamepanga ndizi za kupika, mbichi, nzuri, zinanitazama. Nikapita haraka kama mtu anayekwepa mdai.

Alifungua mlango amevaa nguo za kazi. Akatazama mikono yangu.

"Hukuleta kitu?" akauliza.

"Sikuleta."

Akaufungua mlango wote.

Tukakaa jikoni kwake. Yeye kwa Kiswidi, mimi kwa Kiswahili, nakutafsiria. Nikamwambia, "Nilitakiwa nikuambie Jumapili ile."

"Ndiyo."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa ungeniomba nibadilishe kura. Nami ningebadilisha."

"Nisingekuomba."

"Sikujua."

"Hukuniuliza, mama. Na lile la Arnaud pia hukuniuliza."

"La Arnaud niliona kwa macho yangu!"

"Uliona Agosti. Mimi nilikwenda kwao Oktoba. Nilimwomba msamaha mbele ya baba yake na mama yake, nikala wali wao, nikamrudishia jezi. Unadhani Fidèle alisamehe hewani tu?"

Kaka, nilitamani ile zipu ya koti. Miezi mitano nilikuwa nimeibeba kesi iliyokwisha kabla ya Krismasi, nikaisoma mbele ya ukumbi mzima, na aliyeijua hukumu alikuwa akija kula kwangu kila wiki. Nilikuwa namuuliza habari za goti.

Nikamwomba msamaha. Si kwa mkono, nikamwambia, bali kwa kutouliza na kwa kutosema. Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Halafu akauliza, "Na ungejua hilo la Oktoba, ungempigia kura nani?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kumpendeza, moja la mama na moja la mtu wa haki. Nikayaacha yote mawili. "Sijui," nikasema.

Akacheka, kaka. Kicheko chake kile cha utotoni, cha puani. "Hiyo ndiyo kura ya kwanza ya kweli uliyonipa," akasema.

Craig alikuwa amemwomba Jonas tangu Aprili aje awafundishe walinzi. Sasa amekubali, anakwenda kila Jumanne. Bado anapiga kelele, lakini akishapiga anamfuata mtu pembeni na kuzungumza naye. Arnaud ndiye anayemwiga sauti nyuma ya mgongo wake, na Jonas anajifanya hasikii. Ligi yenyewe imekwisha. Baada ya zile mechi tatu hatukushinda nyingine. Tumekuwa wa tatu, na timu ziko nne. Achola hanikumbatii tena. Siku hizi anasema uamuzi ule ulikuwa wa wote. Fidèle ameniomba tena nizungumze kwenye mkutano wa mwakani, nikamwambia nitaleta mikate.

Lakini, kaka, ukweli ukishafunguliwa haujui kujifunga. Jumapili ya kwanza aliyorudi kwangu nilimpikia chai. Akanywa, akaweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Mama," akasema, "kwa kuwa sasa tunaambiana. Chai yako ina tangawizi nyingi mno. Inachoma."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa darasa la pili."

Miaka ishirini na mitano, Mashauri, mwanangu anaungua koo kwa adabu! Tukatazamana, sikujua nilie au nimtupie kijiko. Jumapili iliyofuata nikaweka kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Akanywa, akageuza macho dirishani. Nikamwuliza, kwa kuwa siku hizi nauliza.

"Haina ladha," akasema.

Nikamsukumia tangawizi na kisu, akakata mwenyewe.

Msalimu wifi Josephine, na kuku waliopona.

Dada yako,
Dativa